Historia ya Matoleo

Kuna mfuko wa barua ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, wa kupelekwa kwa Daktari Livingstone, Ujiji. Ulichelewa pwani, ukaja kulala Unyanyembe, na katikati ya mwaka 1871 vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vikafunga kabisa njia ya magharibi. Stanley aliukuta hapo, akaondoka nao kwa kuzungukia kusini, akaukabidhi mwenyewe Ujiji mwezi Novemba 1871. Barua zilikuwa zimepitisha mwaka mzima. Sisi watu wa Tabora tumekua tukisikia habari za Stanley na Livingstone mpaka zimetuchosha, lakini huo mfuko mimi sijauchoka. Naufikiria kila programu yetu ya kuandikia inaponionyesha kale kaduara kanakozunguka na neno “inasawazisha”, na kaduara kenyewe kanazunguka kutoka asubuhi hadi adhuhuri.

Juma lililopita waliotengeneza programu hiyo walitutumia dodoso. Ungependa tuboreshe nini? Chini yake kuna kisanduku cha herufi mia tano. Nilianza kujaza, herufi zikaisha nikiwa bado kwenye salamu. Ndiyo maana naandika hapa.

Jina la programu sitalitaja. Haina dhambi ya peke yake, na wenzake wa aina hiyo niliowajaribu wako vilevile au wana afadhali ya kidole kimoja. Ni ile ya waraka wa pamoja: mnafungua ukurasa mmoja watu wengi, kila mtu na kishale chake chenye rangi, mmoja anaandika na mwingine anafuta, pembeni kuna komenti, kushoto kuna mti wa kurasa na majedwali. Kwa watu wa ofisi za Dar es Salaam ni kitu cha kawaida kama chai ya saa nne. Sisi tunaitumia kuandika kitabu.

Tulianza tukiwa saba. Wawili Tabora mjini, mwalimu mmoja mstaafu Kwihara, dada mmoja Ujiji, mmoja Mpwapwa, mmoja Bagamoyo, na mmoja yuko Muscat. Huyo wa Muscat wazee wake walihama Tabora zamani, na Kiswahili chake kimebaki cha Tabora kuliko changu mimi niliyeharibiwa na chuo na chumba cha habari. Kitabu ni cha masimulizi ya njia ya kati ya misafara, ile ambayo Tanzania iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Watalii wanapewa nyumba na minyororo. Sisi tulitaka kuuliza watu wanaoishi hapo leo wanakumbuka nini, nani alimwambia nani, na nini hawasemi mbele ya wageni. Ufadhili hatuna. Tuna bando.

Nianze na hilo hilo bando. Waraka wetu umefika kurasa mia mbili na ushee, una picha, una sauti. Ukiufungua, programu inaushusha wote, hata kama unataka kurekebisha nukta moja kwenye sura ya Mpwapwa. Mpagazi wa njia hii alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32, na kulikuwa na kanuni na ugomvi mkubwa juu ya uzito huo. Huwezi kumtwika mtu mmoja mzigo wa msafara mzima ukamwambia atembee. Dada wa Ujiji ananunua bando la siku, anafungua waraka, bando linakata sura ya tatu, na yeye sura yake ni ya sita. Tunachotaka ni kitu kidogo: nipe ukurasa nilioomba, picha ziache mpaka nizibonyeze. Sioni kwa nini hilo liwe kazi ya uhandisi wa roketi.

Halafu kuna Mgunda Mkali. Ndivyo watu wa misafara walivyoliita lile pori lililo kati ya Ugogo na Unyamwezi, siku nyingi bila maji ya uhakika, mpaka unatokea Tura na kuona mashamba ya Wanyamwezi. Burton na Speke walioondoka pwani Juni 1857 walifika Kaze, Tabora yetu hii, tarehe 7 Novemba. Leo treni inapita kandokando ya pori hilohilo, kupitia Itigi, na mtandao unakatika pale pale maji yalipokuwa yakikatika. Ukiwa safarini una saa nyingi za kuandika na huna la kufanya. Programu inakuruhusu kuandika, inakuchekea, inakuonyesha maneno yako. Ukitoka porini, mtandao ukirudi, ndipo inaamua peke yake kipi kibaki.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu watu hudhani tatizo ni mtandao tu. Mtandao ni nusu. Nusu nyingine ni uamuzi. Mwaka 1989 Ellis na Gibbs walichapisha makala yao ya namna watu wawili wanavyoweza kuhariri maandishi mamoja kwa wakati mmoja bila kugongana, na programu nyingi za leo ni wajukuu wa hesabu ile. Baadaye zikaja hesabu nyingine, na mwaka 2019 watafiti wa Ink & Switch waliandika andiko refu wakidai maandishi ya mtu yaishi kwanza kwenye mashine yake mwenyewe, ya kampuni ije baadaye. Nakubaliana nao kila neno. Lakini hesabu hizi zinajua herufi, hazijui maana.

Mfano wetu. Sura ya Tabora ilikuwa na sentensi iliyosema watumwa ndio waliobeba pembe za ndovu kwenda pwani. Dada wa Ujiji, akiwa nje ya mtandao, aliongeza “na vibarua wa kulipwa”. Mwalimu wa Kwihara, siku hiyohiyo, akafuta “watumwa” akaweka “wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru”. Mtandao uliporudi, programu ikawashonea wote wawili nguo moja: “wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru na vibarua wa kulipwa ndio waliobeba”. Ukiisoma haraka inasomeka. Watumwa wametoweka kwenye sentensi ya biashara ya pembe na hakuna aliyeamua watoweke. Mwalimu alitaka kusema kwamba kazi ya upagazi ilikuwa kazi ya heshima ya kijana wa Kinyamwezi, jambo ambalo mwanahistoria Stephen Rockel ameliandikia kitabu kizima, na hakukusudia kabisa kuwafuta waliokuja wamefungwa. Alikuwa na sentensi ya pili kichwani ambayo hakuwahi kuiandika kwa sababu kwake umeme ulikatika.

Tunataka programu isimame. Iseme: hapa mmegongana, huyu kasema hivi, yule kasema hivi, kaeni mzungumze. Kirangozi alitembea mbele na bendera, lakini njia ilipogawanyika alisimama mpaka wa nyuma wafike. Ni adabu tu.

Lugha nitaipita haraka, maana kila anayeandika Kiswahili kwenye mashine anaijua hiyo shida. Mistari myekundu chini ya kila neno kama ukurasa una surua. Simu yangu ina kisahihishi cha Kiswahili, nashukuru, ila hakijui “tembe”. Tembe ni nyumba ya kwetu, ya kuta za udongo na paa bapa la udongo. Ile ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872 ni tembe na sasa ni makumbusho. Kisahihishi kimeng’ang’ania “tembo”. Kuna ukurasa wetu mzima uliosema Livingstone aliishi ndani ya tembo kwa miezi kadhaa akingoja wapagazi. Mtu wa Bagamoyo, ambaye ni Mzaramo, aliweka komenti: “Nyie Wanyamwezi kweli mnabeba kila kitu, hadi mzungu tumboni mwa ndovu.” Kinyamwezi chenyewe hakimo kabisa kwenye orodha ya lugha za programu, ingawa kina alama yake ya kimataifa, nym, herufi tatu tu, na wasemaji wanaojaza mkoa.

Na saa. Ukiandika “tukutane kesho saa mbili asubuhi” programu inajitia ujuaji, inakutengenezea kikumbusho. Kikumbusho kikalia saa nane. Usiku. Huko Muscat saa tisa. Mama mtu mzima aliamka akadhani ni msiba.

Kingine wazee hawana barua pepe. Mtu asiye na akaunti akifungua waraka kwa kiungo, programu inampa jina la mnyama. Mwalimu alikuwa anasoma jioni moja akaona juu ya ukurasa kwamba kuna “Fisi” anasoma pamoja naye. Akanipigia. “Mwanangu, kuna fisi kwenye kitabu.” Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana. Kwetu fisi si mnyama wa mzaha. Wapo bibi wa watu waliopata mateso kwa kusingiziwa kufuga fisi. Kama mnataka wanyama, wekeni swala. Afadhali zaidi: mruhusu mtu aingie kwa namba ya simu, aandike jina analotaka kuitwa, na achangie kwa sauti. Mzee akisema dakika mbili kwenye ukurasa, hiyo sauti ibaki pale aliposemea, na maandishi yake yakae chini yake, siyo faili limetupwa kwenye folda na hakuna anayelifungua.

Ile komenti ya tembo ilinifundisha jambo. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani ulikuzwa na njia hiihii. Wapagazi walioshuka Bagamoyo na kukaa huko miezi walipata watani kabla ya kupata mishahara. Kwa hiyo pembeni mwa waraka wetu kulikuwa na matusi mazuri sana. Lakini kila komenti ina kitufe: “Imetatuliwa”. Ukikibonyeza, mazungumzo yote yanapotea kwenye macho, yanakwenda kwenye droo ambayo ni lazima ujue ipo ndipo uifungue. Mtu wetu wa Bagamoyo ni mhariri wa kazi, anapenda ukurasa safi. Kila Ijumaa alikuwa anapita na kitufe chake kama mtu anayefagia uwanja. Utani umetatuliwa. Swali limetatuliwa. Pole ya msiba, imetatuliwa.

Neno lenyewe limekosea. Mazungumzo mengi hayatatuliwi, yanaachwa yapumzike.

Sasa nifike kwenye kitu ambacho hakingetosha hata kwenye herufi elfu tano: historia ya matoleo. Ni kile kitufe kinachokuonyesha waraka ulivyokuwa jana, juzi, mwaka juzi, nani aliandika nini na saa ngapi. Ukiniuliza miaka mitatu iliyopita ningekuambia ndicho kitu bora kuliko vyote, na ningekupa ushahidi wa Tabora.

Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, Livingstone aliishiwa karatasi na wino. Akachukua gazeti la zamani la London, The Standard, akaandika juu ya maandishi ya gazeti, kwa kukatiza, kwa wino aliotengenezewa na mbegu za huko. Humo ndimo alimoandika habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871. Baadaye alinakili upya shajara yake kwenye daftari kubwa, kwa mwandiko safi, na hilo ndilo watafiti wanaloliita Shajara ya Unyanyembe, kwa sababu ilitoka hapa kwetu: Stanley aliondoka nayo Kwihara mwezi Machi 1872, imepigwa lakiri, kwenda Uingereza. Baada ya Livingstone kufa mwaka 1873, Horace Waller alizihariri shajara hizo akazichapisha mwaka 1874. Hayo ni matoleo matatu. Dunia ilisoma la tatu.

Lile la kwanza, la gazetini, lilififia hadi likawa halisomeki. Mpaka mradi ulioongozwa na Adrian Wisnicki ulipolipiga picha kwa mwanga wa rangi nyingi na kuliweka mtandaoni mwaka 2011. Likasomeka. Na halifanani na nakala safi. Kuna ugomvi wake na watu wake mwenyewe, kuna wasiwasi kwamba baadhi yao walikuwa na mikono isiyo safi katika yale aliyoyalaani, mambo ambayo kwenye daftari zuri yamelainishwa au hayapo. Miaka 140 baadaye mtu alibonyeza kitufe cha historia ya matoleo.

Kuna na suala la majina. Susi na Chuma, waliobeba mwili wa Livingstone kupitia hapa Unyanyembe mpaka pwani, walifika Uingereza mwaka 1874 wakakaa na Waller, wakamsaidia kufafanua shajara: mto gani, kijiji gani, nani alisema nini. Ukurasa wa mbele wa kitabu unawataja. Kama watumishi waaminifu ambao habari za mwisho zilipatikana kwao. Hiyo ndiyo rangi ya kishale waliyopewa. Kwa hiyo mimi nilipoona programu inayoandika kila neno na jina la mwenye neno, nilisema alhamdulillahi, haya ndiyo tuliyokosa.

Halafu akaja bibi.

Ni mama wa makamo ya themanini na kitu, anakaa mjini Tabora, mtaa sitautaja. Alitupa simulizi refu kuliko yote. Bibi yake yeye aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto wa kike, akauzwa, akakulia kwenye tembe ya watu, akazaa. Wajerumani walikuja wakaondoka, Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba 1916, Waingereza wakafuata, na yule bibi aliendelea kuwa wa watu mpaka mwaka 1922 utumwa ulipofutwa kwa sheria. Mjukuu wake anakumbuka mikono yake. Miaka mia moja tu, ndugu msomaji. Kuna mtu hai aliyesukwa nywele na mikono hiyo.

Alitusimulia na jina. Lilikuwa jina la kupewa na aliyemnunua, la aina ambayo watu wa Tabora wakilisikia wanajua bila kuuliza. Ukisoma orodha za wapagazi za wasafiri wa Kizungu utakutana na akina Mabruki, Feruzi, Uledi. Ya kike nayo yapo, na yana sauti yake. Alitaka liandikwe. “Andika tu, mwanangu, mimi naogopa nini.”

Mwaka mmoja baadaye kukawa na posa kwenye familia. Sihitaji kueleza sana. Tabora ni mji ambao watu wanaishi vizuri, wanazikana, wanaoana, na kuna swali moja ambalo hakuna anayeliuliza kwa sauti mpaka siku ya posa. Wakubwa wa familia wakakaa, wakaja kwangu kwa heshima, wakaomba lile jina litoke. Bibi mwenyewe alikuwepo. Alisema: “Sawa, litoe. Si langu peke yangu.” Nililitoa mbele yao, dakika moja, sehemu zote kumi na moja, nikaweka “bibi”.

Mjukuu wake wa kike, anayesomea kompyuta, akauliza swali moja. “Na kwenye historia, kaka?”

Kwenye historia lipo. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kurudi siku yoyote tangu siku ya kwanza na kulisoma, na limepakwa rangi kabisa, ili lionekane vizuri kwamba lilifutwa. Tuliwaandikia wenye programu. Jibu lilikuja la adabu na la jumla: hakuna namna ya kuondoa neno moja kwenye matoleo yaliyopita, tengeneza nakala mpya ya waraka, kisha futa wa zamani. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mwaka 2022, inamtambua mwenye taarifa. Lakini bibi hana akaunti. Kwenye macho ya programu hayupo. Aliyepo ni mimi niliyechapa.

Nikatengeneza nakala. Inafunguka haraka, nzuri, safi. Na kila mstari, kurasa zote mia mbili na zaidi, unaonyesha umeandikwa na mimi. Dada wa Ujiji hayupo. Muscat hayupo. Mtu wa Mpwapwa, aliyekaa miezi minane na wazee wa Kigogo, hayupo. Na mwalimu wa Kwihara hayupo, naye ndiye asiyeweza kuombwa aandike tena, kwa sababu alifariki masika yaliyopita. Komenti zake zaidi ya mia mbili, nyingi alimwelekeza mjukuu wake azichape, ziko kwenye waraka wa zamani tu. Nyingi zimetatuliwa.

Wenzangu wawili waliona nimeshikwa na unafiki. Unawasifu watu waliomulika wino wa Livingstone mpaka wakasoma alichokifuta, halafu unadai kitufe cha kufuta? Mmoja alisema hivyo waziwazi, na ni rafiki yangu. Mimi sioni hivyo. Livingstone alikuwa na kalamu, daftari, lakiri, na mchapaji aliyemngojea. Alichagua nini kiende. Yule bibi wa Manyema hakuchagua hata jina. Mtu aliyeuzwa akaandikwa kwenye hesabu ya mwenye mali, leo kizazi chake kinaomba neno moja litoke kwenye hesabu nyingine, na hesabu inajibu kwamba mfumo hauruhusu. Kwa kweli ile “mfumo hauruhusu” ilinikera kuliko kaduara, kuliko fisi, kuliko kikumbusho cha saa nane usiku.

Tunachotaka kinawezekana. Kwanza, aliyesimulia awe mtu ndani ya waraka, hata kama hana barua pepe: jina lake, au kificho chake, libandikwe kwenye kipande chake, na ruhusa ya kipande hicho iwe yake kwanza kabla ya kuwa ya mwenye waraka. Pili, neno liweze kufunikwa kwenye matoleo yote kwa mara moja, na pabaki alama kwamba hapa palifunikwa, lini, na kwa idhini ya nani. Alama ibaki. Sisemi pawe tupu kama hapakuwa na kitu. Wahariri wa vitabu vya karatasi wamekuwa wakifanya hivyo kwa mstari mweusi tangu zamani. Na tatu, ukinakili waraka, majina ya walioandika yasafiri nao. Hilo la tatu nashangaa hata kulidai. Msafara ukibadilisha kambi huwaachi wapagazi nyuma ukaondoka na mizigo peke yake.

Kwa sasa nyaraka zote mbili zipo. Mpya tunaifanyia kazi, na kila sura tumeandika juu yake kwa mkono majina ya waliohusika, kama watoto wa shule wanavyoandika kwenye madaftari. Ya zamani tumeifunga. Wenye ufunguo ni mimi na yule mjukuu anayesomea kompyuta, familia ndiyo iliyomteua. Kitufe cha “Futa kabisa” kinatungoja. Posa ilipita, harusi ilikuwa nzuri, wali ulikuwa mwingi.

Kabla ya kufuta tulikubaliana tupitie droo ya zilizotatuliwa, tunakili komenti za mwalimu moja moja. Tumefika ya mia na arobaini hivi. Kwenye simulizi la bibi alikuwa ameweka moja tu, na ilifagiwa Ijumaa ileile, hakuna aliyeisoma. Aliuliza: “Hili ni jina alilopewa na aliyemnunua. Kwao Manyema aliitwaje? Muulizeni bibi kabla hajachoka.”

Tulikwenda Jumapili, mimi na mjukuu. Bibi alikuwa anachambua mchele. Tukamsomea swali la mwalimu, akauliza ni nani huyo, tukamwambia ni marehemu, akamrehemu. Akaendelea na mchele mpaka ungo ukaisha. Kisha akamwita mjukuu wake karibu, akamwambia jina sikioni, na mimi akaniambia nizime simu.

Mjukuu ameliandika kwenye karatasi.